Utando wa Kondo

Lasem, 3 Machi 1997

Mdogo wangu Prastowo,

Assalamu alaikum. Wote hapa wazima, ila mguu wangu. Nta ya moto ya batiki ilinidondokea, nami nikaendelea kuchora. Sukari imeshaua hisia. Nilipokwenda kutawadha Magharibi ndipo nikaona ngozi imebanduka. Sasa kidonda kimepauka, hakifungi, na daktari anataka kukata chini ya goti. Nimemwambia asubiri nimwandikie ndugu yangu wa benki ya tishu za mwili. Mguu huu nimesujudu nao tangu utotoni, siutoi kirahisi. Una dawa?

Dadako,
Wartini

Surabaya, 9 Machi

Dada mpendwa,

Waalaikum salaam. Barua yako imenikosesha usingizi. Kula dawa zako za sukari, na wali wa lontong uache, najua unaula kwa siri.

Dawa ipo. Kidonda chako kimepauka kwa sababu damu haifiki. Mishipa midogo ya damu haioti penye utupu; hutaka mahali pa kushika, kama mjusi na ukuta. Katikati ya chembe za mwili kuna protini, kolajeni na laminini, ndizo ukuta wenyewe, nazo huiambia mishipa ipite wapi. Kwako zimeliwa na usaha. Sisi tunaandaa utando wenye protini hizo, tunausafisha, unabandikwa juu ya kidonda. Unatoka kwenye kondo la nyuma, kwa akina mama waliojifungua wakaridhia kuutoa. Niseme tuulete?

Mdogo wako,
Prastowo

Lasem, 20 Machi

Prastowo,

Salamu. Umelogwa huko Surabaya? Kondo ni ndugu wa mtoto! Lako alilizika Baba kando ya mlango, ndani ya chungu, taa ikawaka kila usiku mpaka kitovu chako kikaanguka. Leo unataka kunibandika ndugu wa mtu mguuni kama plasta? Mtoto wa watu atalala vipi? Usiniandikie tena habari hiyo.

Dadako

Surabaya, 14 Aprili

Dada yangu,

Natumai barua hii itakukuta salama, maana wewe umenyamaza na daktari ndiye aliyeniandikia: kidole kidogo kimekuwa cheusi. Nikasirikie, lakini soma.

Ni ndugu wa mtoto, sikatai. Tunachukua utando tu. Kondo lililobaki hurudishwa kwa baba wa mtoto, alizike na kuliwashia taa. Niliwahi kumuuliza mama mmoja kwa nini ametoa. Akanijibu, "Huyu alimlea mwanangu miezi tisa. Akiweza kumlea mwingine, amlee." Dada, mimi sina jibu zuri kuliko hilo. Kidole hakiponi tena. Mguu bado unaokoleka.

Mdogo wako anayekuomba,
Prastowo

Lasem, 2 Mei

Mdogo wangu,

Alhamdulillahi, ningali hai, na ningali na hasira kidogo. Niliswali istikhara, Mungu anichagulie, nikalia, nikapanda gari kwenda hospitali. Kidole wamekikata. Kidonda wamekisafisha, wakabandika utando wako, mwembamba kama ngozi ya kitunguu.

Nimetoa sharti moja: kila kipande cha utando wanachokipunguza kwa mkasi nipewe mimi, nikazike. Muuguzi Endah akacheka, "Mama, hizi si takataka tu?"

Nikamwambia, "Kwani wewe ulikuja duniani peke yako?"

Akanifungia kwenye kitambaa safi. Chungu nimenunua. Jirani ameniuliza nani kajifungua hapa kwangu, kwa umri huu! Nimemwambia aombe dua, asiulize. Mpaka leo kidonda ni cheupe vilevile. Sikati tamaa, lakini naogopa.

Dadako,
Wartini

Lasem, 5 Juni

Prastowo wangu,

Assalamu alaikum. Uko mzima? Mkeo je? Soma ukiwa umekaa.

Jana hospitalini Endah alifungua bendeji, nikaona vidoadoa vyekundu vimejaa kidondani kama upele. Nikajua kimeoza, basi tena. Akagusa kwa pamba, damu ikatoka. Nikapiga yowe, wodi nzima ikageuka.

"Kelele za nini, Mama?" akasema. "Maiti haitoki damu. Hiyo ni mishipa mipya, imefika."

Daktari amekuja, ametazama, amefuta kwenye karatasi yake yale maneno ya chini ya goti. Ameniamuru nisikanyage mpaka kifunge. Nitamtii, ingawa ulimi unaniwasha kumjibu.

Siku atakayoniruhusu, nitasujudu kwa vidole vinne vilivyobaki. Nikianguka, nitaangukia Kibla.

Dadako,
Wartini