Dua ya Kupigwa Picha

Mombasa

Kaka yangu Mwinyimkuu,

Shikamoo. Hali zenu hapo Bagamoyo? Kifua cha Mama kimetulia? Mimi napumua, alhamdulillahi, ila nimejaa kinyaa.

Unakumbuka nilivyoondoka na njumu zangu begani, nikasema natafuta timu ya kuniajiri kwa mpira. Basi huku akaja Mzungu mmoja, tukamwita Bwana Picha, anatengeneza sinema ya vijana wenye ndoto hiyo hiyo. Katibu wa timu iliyonipokea akatuambia wenye timu za Ulaya wataitazama, na atakayewapendeza ataitwa. Nani asingepagawa?

Siku ya mechi tukasoma dua yetu kama desturi, shehe mzee akituongoza, ubani unafuka. Bwana Picha akasema, "Rudieni, moshi hauonekani." Tukarudia. "Rudieni tena, mzee kajificha." Shehe akakusanya kanzu yake.

"Mungu haombwi kwa majaribio, wanangu," akasema, akaenda zake.

Unajua walifanya nini? Mpishi wa Bwana Picha alivikwa kanzu, akainua mikono, akawa anatikisa midomo tu, hana hata herufi moja! Na sisi, watoto wa chuo cha Kurani, tukaitikia "Amin". Ptuu! Nikikumbuka mate yananijaa mdomoni.

Mpira ukaanza, nikakwatuliwa, nikaanguka. Bwana Picha ikampendeza! "Anguka tena, Shomari, ulianguka vizuri." Nikaanguka tena. Mara ya tatu goti likalia kama muhogo mkavu ukivunjwa. Napiga ukelele, na wao wanaendelea kupiga picha. Katibu, aliyekuwa akiniita mwanangu, akanivua jezi ningali chini, akamvika Kombo, mwenzetu wa akiba, ili kazi isisimame. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Haya, nimeinama, na sasa kuinuka siwezi. Daktari amesema mpira basi.

Juzi wakatuonyesha sinema yenyewe. Naanguka, watu wanacheka. Sauti inasema, "Shomari hakati tamaa." Mara anainuka Kombo na jezi yangu, kwa mbali humjui, anakimbia, anafunga bao. Watu wakaliimba jina langu. Nami nimeketi na gongo langu, jirani ananigusa kiwiko: "Mwone kijana yule!"

Nasikia gari la sinema litapita huko kwetu, Bagamoyo hadi Saadani. Ndilo lililonifanya nishike kalamu, maana Mama hajui habari ya goti, na namjua, ataita mtaa mzima uje kunitazama.

Baba msalimie, alisema mpira si kazi, mwambie kashinda, ila asinicheke. Shangazi wa Makurunge aniwekee mafuta yake ya kuchulia. Shemeji yangu na watoto nawasalimu. Nikiweza kupanda gari nitakuja.

Lakini Mama mkalishe chini kabla gari halijafika, Kaka, umweleze taratibu. Akimwona yule anayefunga bao asipige kigelegele. Mwanawe ni yule anayeanguka.

Mdogo wako,
Shomari