Faili la Jumapili Ile

Tarehe 6 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini mnaendelea vizuri, na miguu ya Mama imepungua kuvimba. Mimi mzima, ila ngozi ya mikono imekauka kwa mvuke wa pasi. Hoteli hii ya ugenini imejaa na mashuka hayaishi.

Baba, leo nakuandikia kama mteja anavyomwandikia fundi. Jumapili nilipoongea na Mama kwa video nilirekodi skrini. Unajua nilimuuliza nini. Tangu nina miaka kumi namuuliza kwa nini alinipeleka kwa mama mkubwa nikakaa huko miaka minne, na kila nikimuuliza anaificha mikono chini ya kanga. Jumapili aliitoa akanijibu. Sasa faili halifunguki. Lipo, zito, lina jina na tarehe, ni MP4. Nikilibonyeza naambiwa limeharibika. Kompyuta ilizimika chaji kabla sijabonyeza kitufe cha kusimamisha.

Litapona?

Mwanao

*

Tarehe 12 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sisi tupo, tunasukuma siku. Mama yako anasema umekonda, na kwamba kamera haina sababu ya kumsingizia mtu.

Ungeniuliza kabla. Miaka ishirini na sita narekodi harusi za watu, nimezikwa na kanda na diski, na binti yangu mwenyewe anarekodi kwa MP4 kwenye betri mbovu! MP4 huandika orodha yake, ile inayoonyesha kila picha iko wapi, mwishoni kabisa. Ikikatika kabla ya hapo, unabaki na mzigo mzima usiojua kichwa wala mkia wake. Aina nyingine ya faili, MKV, huandika huku inakwenda. Ikizimika dakika ya ishirini, dakika ishirini zako unazo. Siku zote rekodi kwa MKV, ukimaliza ndipo uigeuze iwe MP4. Na weka picha thelathini kwa sekunde. Watu wengine husema kwa mdomo, picha zikiruka unawasikia. Mama yako ni kiziwi, anasema kwa mikono. Picha ikiruka, neno limeruka.

Hilo lililoharibika usiliguse. Nitumie nakala.

Nimemwomba arudie. Kanijibu: "Nimesema na mtoto, sikusema na mashine. Alikuwepo, aliniona. Faili la nini?" Nikataka kumrekodi mimi kwa kamera ya kazini, akanigeuzia mgongo. Hata Jumapili ile, si unakumbuka, alinitoa chumbani. Nilikwenda kununua mkate ambao hatukuuhitaji.

Baba yako

*

Tarehe 21 Machi

Baba,

Shikamoo. Nimekutumia nakala, mtandao wa hapa umekula usiku mzima kuipandisha.

Nimejaribu mara mbili. Tarehe tisa nilirekodi dirisha la simu peke yake, nikapata mraba mweusi: kila kitu kinaonekana isipokuwa Mama. Tarehe kumi na sita nilirekodi skrini yote, Mama akaonekana, lakini anarukaruka. Mkono uko begani, mara uko kidevuni, katikati hakuna kitu. Kumbe programu ilikuwa imejiwekea picha tano kwa sekunde. Alikuwa ananisimulia habari za jirani tu, na hata hizo sikuziambulia.

Tafadhali mbembeleze arudie. Mwambie sikumwelewa vizuri. Mwambie chochote.

Mwanao

*

Tarehe 24 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Weusi ule ni kadi ya picha ya kompyuta, inachora dirisha la simu peke yake bila programu ya kurekodi kuliona. Ingia kwenye mipangilio ya programu ya simu, uzime msaada wa kadi. Picha thelathini zikiilemea kompyuta yako, punguza ukubwa wa skrini, usipunguze idadi ya picha. Bora Mama mdogo kuliko Mama aliyekatwakatwa. Na uichomeke kwenye umeme!

Amekubali kwa shingo upande. Jumapili hii, tarehe thelathini, saa kumi jioni. Ameniambia nitafute mkate mwingine.

Faili lako niko nalo mezani. Bado halijanipa kitu.

Baba yako

*

Tarehe 2 Aprili

Mwanangu,

Salamu sina. Ulipiga Jumapili hukupata mtu, nawe utakuwa umekwisha kujua kuna jambo.

Jumamosi asubuhi Mama yako alianguka jikoni. Ni kiharusi. Yuko wodini, anatujua, anakula kwa kijiko. Mkono wa kulia umekufa. Daktari aliniambia nishukuru kwamba hakuna kauli iliyopotea, maana alikuwa kiziwi tangu mwanzo. Nikamwinulia yule daktari kijana mkono ule, nikaurudisha kitandani.

Baba yako

*

Tarehe 14 Aprili

Baba yangu,

Shikamoo, na pole. Nimeomba ruhusa ya kuja mara tatu. Msimamizi anasema nikitoka nisirudi, na pasipoti yangu bado iko ofisini kwao, wanasema inashughulikiwa.

Ahsante kwa kumshikia Mama simu jana pale wodini. Nilirekodi dakika arobaini. MKV, picha thelathini, umeme umechomekwa. Baba, haijawahi kutokea picha safi namna ile. Naona hadi mshono wa shuka. Na sielewi kitu. Anaanza neno kwa mkono wa kushoto, kisha anautazama wa kulia, anausubiri. Hauji. Anaanza tena. Mwisho alifumba macho nikadhani amelala, kumbe hakutaka tu kuniona.

Faili lile vipi?

Mwanao

*

Tarehe 6 Mei

Mwanangu,

Mama yako tumemzika tarehe ishirini na nane. Ujumbe wa simu uliupata, nami nililisikia jibu lako, lakini barua ni barua. Watu walikuja wengi. Mafundi wenzangu walikuja na kamera zao, nikawaambia wazirudishe kwenye mikoba.

Nyumba imekuwa na kelele. Sikujua nilikuwa nazima redio kwa ajili yake, mtu asiyesikia. Nilikuwa naizima ili nimtazame.

Sasa nina ombi. Mwaka ule alipokupeleka kwa dada yake, mimi nilikuwa kwenye kazi ya miezi saba, narekodi ujenzi wa bwawa. Nilirudi nikakuta kitanda chako kimekunjwa. Nilimuuliza nikachoka. Tuliishi na swali hilo kama watu wanavyoishi na ukuta uliopasuka. Faili silihitaji tena, wewe ulimwona kwa macho yako. Niambie alikuambia nini. Hata kama ni juu yangu. Zaidi kama ni juu yangu.

Baba yako

*

Tarehe 25 Mei

Baba yangu,

Shikamoo. Barua hii nimeiandika nikaifuta siku kumi na tisa.

Sikumwona, Baba.

Jumapili ile Mama alipoanza tu, msimamizi aligonga mlango: shehena ya mashuka imeingia, wapiga pasi wote chini. Nilikuwa na maonyo mawili tayari. Nilimwambia Mama, "Mtandao mbovu, nazima picha yangu ili nikuone vizuri zaidi. Wewe endelea." Akaniitikia kwa kichwa. Nikazima kamera, nikaiacha programu ikirekodi, nikashuka. Nilipiga pasi mashuka arobaini. Juu yeye alikuwa anakiambia kiti kitupu.

Ningeweza kusema ni msimamizi tu, lakini wewe nisikudanganye. Mlango ulipogongwa nilifurahi. Nilikuwa naogopa jibu. Nilifikiri nitalitazama baadaye, peke yangu, nikilisimamisha ninapotaka, nikilirudisha nyuma nikiwa tayari. Nilipopanda, skrini ilikuwa imezimika.

Ndiyo maana nilikusumbua na mambo ya MKV na picha thelathini. Sina cha kukuambia. Sijui kwa nini alinipeleka. Nilikuwa na nafasi moja, nikaipa mashine inisikilizie.

Usiponijibu nitaelewa.

Mwanao

*

Tarehe 19 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa kwa sababu kwanza sikutaka kukuandikia, na baadaye nilikuwa kazini.

Faili lako nililirudia upya. Nilichukua faili jingine zima la programu ile ile, nikaazima orodha yake, nikajaribu kukivisha kile kilema chako. Wiki tatu. Picha zimekwenda, usinitume tena huko. Kilichopatikana ni sauti. Dakika thelathini na moja za sauti ya mtu asiyesema.

Nimeisikiliza. Kuna kiti. Kuna pumzi. Kuna mikono inayopita hewani, ambayo haina mlio, lakini mkono wa gauni lake una mlio. Katika lugha yetu ya nyumbani lipo neno moja tu linalosikika: kujipiga kiganja kifuani, maana yake "kosa langu". Linasikika mara nyingi. Niliacha kuhesabu. Lakini siku hizo moyo ulikuwa unamsumbua, na alikuwa na tabia ya kujigonga kifua akikosa pumzi. Hivyo hata hilo moja siwezi kukuapia. Nimeigeuza iwe MP3, ndogo, itafunguka kwenye simu yoyote. Nakutumia. Ukitaka usiisikilize.

Nimekukasirikia sana. Nikazunguka nyumba nzima na hasira, nikakosa pa kuiweka, nikarudi nayo mezani. Mimi nilikuwa mlangoni na mkate mkononi, mwanangu. Nilirudi mapema. Ningeweza kuchungulia.

Jambo moja hulijui. Jioni ile nilipoingia alikuwa amekaa mbele ya skrini nyeusi. Aliniuliza, "Ameelewa?" Nikamwambia ndiyo, kaniandikia sasa hivi kwenye simu. Sikujua chochote, nilitaka tu ale. Akauliza, "Amenisamehe?" Nikamwambia ndiyo.

Akaosha uso, akaja mezani, akala.

Baba yako