Theluji ya Guangzhou

Mwanangu mpenzi Ruwaida,

Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu umeshajua namna ya kunizunguka. Barua huwezi kuikatiza kwa "Mama, niko darasani, ntakupigia." Isome yote kwanza, halafu ukitaka kununa, nuna.

Unaikumbuka meza yetu ya jikoni hapa Ghubra, wakati ule unajitayarisha kwenda China? Ulikuwa ukinisomea mashairi ya kale ya Wachina, umeyatia kwenye Kiswahili mwenyewe, nami huku namenya vitunguu na kukukatisha kila mstari. Nilisomesha jografia miaka mingi mno, siwezi kuona mto katika shairi nisiulize unatoka wapi. Mshairi akisema nyani wanalia kwa huzuni kwenye magenge, mimi natafuta ni nyani gani. Nikagundua kumbe ni wale wa mikono mirefu wasio na mkia, na hawalii hata kidogo. Wanaimba asubuhi, dume na jike, kuwaambia wengine kuwa hapa pana wenyewe. Na wale bata wawili wanaosifiwa kuwa mfano wa ndoa isiyovunjika? Jike akishaanza kuatamia, dume anajiondokea zake, na msimu mwingine huenda akawa na mke mwingine.

"Mama, wewe nawe!" ulinipigia kelele. "Shairi si mtihani. Kaandika alivyohisi."

"Ahisi atakavyo," nikakwambia, "lakini bata asimsingizie."

Bibi yako ndiye aliyetuvunja mbavu siku ile. Ulikuwa unasoma shairi la askari aliye mbali na kwao, upepo wa kaskazini unampenya nguoni, na wewe kwa kufupisha ukasema "kaskazi". Bibi akaacha kuvuta tasbihi. "Kaskazi ipi hiyo ya kutetemekea? Sie tulipokuwa Unguja kaskazi ikiingia tukilala uani kwa joto! Huyo ana homa, mpelekeni spitali." Tulicheka mpaka chai ikapoa. Tangu siku ile mtu yeyote wa nyumba hii akisikia baridi, hata ya kiyoyozi, husema kaskazi imeingia, na lazima acheke.

Lakini kulikuwa na jambo moja tulilokubaliana, na wewe ndiye uliyenionyesha. Washairi wengine walifukuzwa mjini wakapelekwa majimbo ya mbali, na huko wakataja magugu kwa majina yake, mbu, na unyevu unaootesha kuvu nguoni. Hao niliwaamini. Wengine walikaa karibu na wafalme, na kwao mambo ni yaleyale kila siku: theluji, maua ya mplamu, korongo, mwezi. Ulisema wengi wao walivipata vitu hivyo kwenye mashairi ya waliowatangulia, hawakuhitaji hata kutoka chumbani.

Sasa nikwambie kilichonikosesha raha. Jumatano ulinitumia ujumbe wa sauti: "Mama, huku kaskazi inavuma, theluji imetua juu ya maua ya mplamu, na korongo wamepita. Mie mzima, usiwe na wasiwasi." Uliposema kaskazi nikatabasamu, nikangoja ucheke. Hukucheka. Nikasema labda umechoka.

Ijumaa baada ya sala mjomba wako Said akaja kula. Unajua huwa anakwenda hukohuko Guangzhou kununua vipuri vya duka lake la Wattaya, na ndiyo kwanza amerudi. Nikamsikilizisha ujumbe wako kwa kujigamba, nione atasema nini kuhusu Kiswahili chako kizuri. Akaacha kutafuna.

"Theluji? Guangzhou ile? Dada, mie nilikuwa na shati la mikono mifupi wiki nzima."

Mie mwalimu wa jografia, kwa furaha ya kusikia sauti yako sikukumbuka kuwa mji ule ni wa joto; nikamwambia labda imeanguka baada ya yeye kuondoka. Akatikisa kichwa. Kisha akaniambia, taratibu, kwamba alikuomba muonane akupe ile halua niliyomfungia, ukamwambia una mitihani. Halua amerudi nayo. Ilikuwa garini, akaona haya kuitoa.

Tangu hapo sina utulivu, Ruwaida. Nimezisikiliza jumbe zako zote za karibuni, moja baada ya nyingine. Kila mmoja una ua au ndege. Hamna mwalimu anayekuudhi, hamna chakula kilichokushinda, hamna rafiki hata mmoja mwenye jina. Mwaka wa kwanza ulikuwa ukinilalamikia harufu ya ngazi za bweni, na yule mwenzako anayekausha samaki dirishani. Nilikuhurumia, lakini nililala usingizi wangu. Sasa unaniletea mandhari, nami naogopa. Naogopa unaumwa. Naogopa umeacha chuo. Naogopa kuna mtu anakutesa. Zaidi ya yote naogopa kuwa uko peke yako na unadhani mimi nitavunjika nikijua.

Sitavunjika. Masomo yakikushinda, rudi. Chumba chako kiko vilevile na hakuna atakayekuuliza kitu mlangoni. Mtu akiropoka, nitamjibu mimi, na unanijua ninavyojibu.

Nimeandika mpaka hapa, subira ikanishinda, nikachukua simu nikakuuliza: "Mwanangu, nje ya dirisha lako kuna nini sasa hivi? Nambie ukweli, hata kama ni mbaya." Nikaona unaandika, ukaacha. Ukaandika tena. Nilikuwa nimeishika simu kwa mikono miwili.

Jibu lako limeingia: "Sijui, Mama. Pazia sijalifungua siku nyingi."

Nimelia, mwanangu, na nimemshukuru Mungu huku nalia, kwa sababu hili nimeliamini. Usinieleze kitu kingine kwa sasa. Barua hii nitaipiga picha nikutumie hivihivi ilivyo, na kesho asubuhi Said ananipeleka kuomba viza. Kula kidogo, unywe maji, na simu yangu uipokee hata kama huna la kusema. Hilo pazia kama huwezi kulifungua, liache. Nakuja kulifungua mimi.

Mama yako