Kofi ya Godelive juu ya bouton ya taa

Mariette, Godelive wetu amepiga soda, askari ya serikali, kofi. Kofi ya kweli, ku uso!

Asubui hii, kwabo mu quartier Beu. Basoda balikuwa banatafuta badui, bale waasi ba mu pori, nyumba kwa nyumba, juu ya bale batu balichinjwa jana kule ku commune ya Ruwenzori.

Unajua bwana yake, Delphin, aliwekaka mu salon bouton ya kuzungusha, ya kupunguza mwangaza. Tangu alinunua ampoule za LED, ukipunguza taa, bouton inalia zzzz mu ukuta. Leo mvua ilileta giza, donc taa ilikuwa inawaka kidogo.

Chef ya basoda akasikia. «Iko phonie, iko radio ya kuita batu! Munaongea na badui!» Delphin akajibu: «Hapana, chef, ni taa tu.»

Ni taa tu! Bakamupiga na kitako ya bunduki mupaka meno ikaanguka. Bakamuwekea bunduki ku kichwa.

Godelive akapita katikati yabo, akazungusha bouton mupaka mwisho. Taa ikawaka yote, kelele ikakatika. Akapunguza: zzzz. Akaongeza: kimya.

Chef akacheka. Akacheka, Mariette, na Delphin iko chini mu damu yake! Njo Godelive akamupiga ile kofi.

Bunduki yabo yote ikamugeukia. Akafunga macho. Chef akajishika shavu, akaangalia Delphin, kisha akaambia basoda bake: «Twende.» Bakatoka.

Sasa Godelive na Delphin bako hospitali. Infirmière ananywesha Delphin maji, kisha ananywesha Godelive pia, juu mikono yake yote mbili ingali inashika Delphin, haitaki kumuachilia.