Uzi wa Kifungo cha Mwisho

Mdogo wangu kipenzi,

Gauni lako la harusi limekwisha. Hapa tu wazima, paka amezaa juu ya vitambaa vyangu.

Ule ufizi wangu wa mbele ulioshuka ukaacha mzizi wa jino wazi, daktari wa meno alikata kijinyama kwenye kaakaa akaushonea kiraka. Nikamwambia mshono wake waushinda wangu. Akacheka, kisha akanionya: nile vitu laini, nisipige mswaki pale, nisivute mdomo kuchungulia, na meno ya mbele yasiume kitu wiki mbili.

Nilitii siku nne. Ya tano nikamaliza kifungo cha mwisho, nikakata uzi kwa meno. Mkasi unaning'inia shingoni! Mazoea yana taabu. Uzi ulinasa kwenye mshono wa daktari, kijinyama kikang'oka.

Nilimpelekea daktari kijinyama hicho kwenye leso, kama mtoto aliyevunja kikombe. Akasema hakishiki tena; tungoje kidonda kipone, ndipo aone kama kaakaa lina kijinyama kingine cha kutoa. Jino linacheza. Ninangoja tu.

Doa la damu kwenye pindo nimelitoa kwa maji baridi, usilitafute. Ila tukipiga picha siku hiyo, nakuomba, usinichekeshe.

Dada yako, fundi