Upinde wa Kuwinda Nguruwe wa Mansfield

Fort Worth, Texas,
Marekani.
Jumapili, 17 Novemba 2019

Mpendwa mdogo wangu Nestor,

Amani ya Bwana iwe nanyi hapo Kasulu. Hamjambo nyote? Mguu wa wifi yangu Melania umepona? Uliniandikia kwamba ameshatolewa plasta, nikashukuru Mungu, lakini hukusema kama anatembea bila fimbo. Wanaume mna shida ya kusimulia nusu. Na mvua je, zimewahi, au bado mnatazama mawingu tu? Nijibu yote, moja baada ya jingine.

Sisi huku tu wazima. Shemeji yako Macaire presha yake imetulia tangu nimpunguzie chumvi, ingawa kila akiketi mezani hununa kama mtoto aliyenyimwa sukari. Mimi bega la kulia, lile lililoshtuka ghalani nikinyanyua maboksi, linauma siku za baridi tu. Binti yetu Mélissa nitakueleza habari zake mbele, maana nazo ni kubwa.

Utajiuliza kwa nini naandika barua wakati simu zipo. Haya ninayokuambia hayaingii kwenye simu. Ukipigiwa, baada ya dakika tano betri yako inakufa, na mimi nabaki na maneno mdomoni. Tafuta kiti ukae.

Ndugu yangu, nimekuwa mwindaji. Cheka kwanza, nakusubiri.

Unakumbuka nilikuambia habari za Bi Earlene, yule mjane wa Kimarekani wa Mansfield anayesali parokiani kwetu? Mwaka juzi alitupa kipande cha shamba lake tulime, sisi wanawake kumi na mmoja wa Kirundi. Tumepanda lengalenga, ule mchicha wa kwetu, maharage, mahindi, maboga, nyanya chungu, kila kitu cha nyumbani. Nestor, lile si shamba tu. Kuna mama mmoja pale, ana miaka sabini na mbili, tangu afike Marekani alikuwa hatoki chumbani. Mwanawe alifikiri amepoteza akili. Siku ya kwanza alipopewa jembe aliimba mpaka mchana. Kumbe alikuwa amekosa udongo tu.

Basi mwezi wa saba nguruwe pori walituingilia. Tulifika Jumamosi asubuhi tukakuta maharage yamefukuliwa na maboga yametafunwa, ardhi yote imepinduliwa kana kwamba trekta la kichaa limepita. Tukajenga uzio wa waya, wakaingia kwa chini. Tukatundika makopo yapige kelele, nadhani waliyachezea ngoma. Kufikia mwezi wa nane wenzangu watano walikuwa wamekata tamaa, na yule mama mzee alikuwa amerudi chumbani kwake. Hilo ndilo lililoniuma.

Bi Earlene alisema dawa ya nguruwe hawa ni kuwapiga tu, na sheria za hapa zinaruhusu mwenye shamba na wageni wake. Akatuletea bunduki ya marehemu mumewe, akailaza juu ya boneti ya gari lake mbele yetu sote, kwa moyo mweupe kabisa.

Macaire alikuwa amekuja kunisaidia kunyoosha nguzo. Aliitazama ile bunduki, akaweka nyundo chini polepole, akaanza kutembea. Tulimkuta barabarani mbali, anatembea kuelekea mjini kwa miguu, shati limelowa jasho. Wewe unajua mauaji ya mwaka sabini na mbili kule Burundi. Alikuwa na miaka minane walipokuja kumchukua baba yake. Mimi ni mkewe mwaka wa thelathini na mbili sasa, na ninachojua juu ya siku ile ni hicho tu. Wanangu walikuwa hawajui hata hicho. Kwetu sheria ni moja: bunduki haivuki mlango.

Bi Earlene alipoelezwa alilia, akairudisha bunduki yake ndani. Wiki iliyofuata akanivuta pembeni, akaniambia kwamba mumewe alipozeeka mikono alikuwa akiwinda kwa upinde wa mtambo. Nestor, sijui nikueleze vipi. Chukua upinde, ulaze juu ya gogo la mti lililochongwa kama kitako cha bunduki. Uzi ukishavutwa nyuma unanasa wenyewe, wewe unalenga, unabonyeza kifyatuo, mshale mfupi unaruka. Huhitaji nguvu ya kushikilia uzi huku mkono ukitetemeka. Nikajiambia, bega langu linaweza hilo. Lakini moyo wa Macaire je? Kitu kina kitako na kifyatuo, akikiona si atatembea mpaka Kanada?

Nilimwambia ukweli. Siku ya tatu, akinywa uji wake usio na chumvi, akasema, "Twende dukani. Lakini mimi nitakaa garini."

Tukaenda, mimi na Mélissa, yeye kabaki kwenye maegesho na rozari yake. Lile duka ni kubwa kama soko zima la Kasulu, na ukuta mmoja wote ni bunduki. Nilipita upande ule nimekaza macho sakafuni. Kwenye kona ya pinde nikamkuta muuzaji mrefu mweusi, kwenye kifua cha shati kumeandikwa Kiplagat. Nilidhani macho yananidanganya. Nikasema, "Habari ya kazi?" Yule kijana akaangusha mishale yote aliyokuwa ameshika.

"Mama! Umetoka wapi wewe? Miaka tatu niko hapa, hakuna mtu amewahi kuniongelesha Kiswahili kwa hii duka!"

Ni Mkenya wa Baringo, anasoma uhandisi, jioni na Jumamosi anauza pinde. Alinikalisha kama mgeni wa nyumbani. Nikamwambia habari za nguruwe, za bega, na kwa nini mume wangu yuko garini. Hakuniharakisha.

Mimi, kwa ujinga wangu, nilikuwa nimeshachagua. Nilinyooshea kidole ule mkubwa kuliko yote, mweusi, una mbawa pana kama tai. Nikafikiri ukitaka kumwua shetani, nunua silaha ya malaika mkuu. Kiplagat akacheka. "Mama, huo ni kali, mshale wake unapaa haraka kuliko zote. Lakini jaribu kuubeba." Nikaubeba. Nilihesabu mpaka kumi na tano nikaurudisha. Tena mbawa zake ni pana mno. Ndani ya kibanda cha mbao cha kuvizia ungegonga ukuta kila ukigeuka.

Wa pili ulikuwa mwepesi, unavutwa kwa kamba yenye vishikio viwili. Unakanyaga pete ya mbele, unainama, unavuta kwa mikono yote. Nikainama vizuri. Kuinuka ndiyo kazi, bega likaniita jina langu la ubatizo. Mélissa akasema, "Mama, uko siriasi kweli?" Nikamjibu kwamba nguruwe nao wako siriasi.

Ndipo Kiplagat akaleta wa tatu. Mwembamba, rangi ya majani makavu, na ubavuni una mkono wa kuzungushia, kama cherehani ya mkono ya mama. Unazungusha taratibu, uzi unarudi nyuma wenyewe mpaka unasikia umenasa. Nilizungusha huku naongea. Bega halikujua kama kuna kazi inaendelea! Akanionyesha kizuizi cha usalama, darubini ndogo ya kulengea, na akanikataza mambo mawili kwa ukali: nisifyatue kamwe bila mshale, kwani mbawa zitapasuka, na vidole visivuke juu ya njia ya uzi. La pili nililisahau palepale. Nilipouinua kulenga, kidole gumba kikapanda juu. "Mama, kidole!" Alipaza sauti duka zima likageuka. Nikakishusha. Mpaka leo nikishika upinde ule namsikia.

Tulibaki na neno moja. Nikamwambia siwezi kuununua kabla mume wangu hajausikia. Nilisema kuusikia, sikusema kuuona, maana nilikuwa nimeanza kuelewa. Kiplagat akafikiri kidogo, akavua beji yake, akamwomba mkubwa wake ruhusa, akatoka mwenyewe mpaka kwenye gari letu.

Sijui walizungumza nini. Niliona tu kupitia kioo yule kijana amechuchumaa kando ya mlango wa gari, amevua kofia, kama anavyozungumza mtu na baba yake. Baada ya kitambo Macaire akashuka. Kiplagat akamzungusha kwa mlango wa nyuma, usiopita kwenye ule ukuta, mpaka kwenye uwanja mdogo wa kujaribia, nami nikawafuata na upinde.

Macaire akasimama nyuma yangu, macho amefumba. Nikasikia anapumua kwa nguvu. Nikalenga, nikabonyeza. Upinde ukasema "tap", kama mtu anayefunga kitabu kinene.

"Ni hivyo tu?" akauliza.

"Ni hivyo tu."

"Piga tena."

Nikapiga tena, na tena. Mara ya nne akafumbua macho. Akasema, "Marie-Rose, mimi sikuwahi kuogopa chuma. Naogopa ule mlio." Kisha, Nestor, uamini usiamini, akanyoosha mikono akasema, "Lete." Akazungusha, akaweka mshale, akalenga kwa muda mrefu, akapiga katikati kabisa ya duara! Mishale yangu yote minne ilikuwa pembezoni kama mbuzi waliotoroka. Kiplagat akapiga kigelegele cha kwao, Mélissa akamrukia baba yake shingoni, na wateja Wamarekani wakatupigia makofi bila kujua wanashangilia nini.

Tukaununua. Tulisoma somo la usalama la wawindaji sote wawili, Mélissa akitutafsiria kwenye kompyuta, tukafanya mazoezi wiki sita kwenye marobota ya nyasi ya Bi Earlene.

Alfajiri ya kwanza tuliyovizia, alikuja nguruwe jike na watoto wanane. Nilimlenga, darubini ikasimama vizuri, nikashindwa. Wale wadogo walikuwa wanamgonga ubavuni wakitaka kunyonya. Nilishusha upinde. Macaire hakunilaumu, akanipa tu chai ya chupa.

Jumamosi ya pili ya mwezi huu ndipo lilipotokea dume. Zee, jeusi, mgongo una manyoya kama brashi ya kusugulia sakafu. Lilikuja moja kwa moja kwenye maboga yaliyobaki. Safari hii pia nilikuwa mimi kwenye kifyatuo, Macaire amenishika begani, lile zima. Akanong'ona, "Subiri ageuke." Akageuka. "Sasa." Tap. Dume likaruka, likakimbia vichakani. Tukakaa nusu saa nzima bila kusogea kama tulivyofundishwa, kisha tukafuata damu. Lilikuwa limelala si mbali, limekufa. Nilipiga magoti nikamshukuru Mungu, nikaliomba na lenyewe radhi kidogo.

Jirani yetu Khalfan, Mtanga, ndiye aliyekuwa ameahidi kutusaidia kubeba kwa gari lake. Alipofika akaliona, akarudi hatua tatu. "Shangazi, uliniambia mzigo. Hukuniambia mzigo wenyewe ni nani!" Tukacheka mpaka tukakaa chini. Alibeba vyombo na kinamama, dume likapanda gari la Bi Earlene.

Tulilichuna kwa glavu, tukalipika mpaka likaiva sana, maana nyama ya pori haitaki haraka. Jana tumekula shambani, kinamama wote kumi na mmoja na familia zao, kwa ndizi na lengalenga. Khalfan alikuja na mbuzi wake na sufuria yake, akakaa upande wa upepo. Kiplagat naye alikuja. Yule mama mzee alikuja pia. Alikagua mashimo yote ya nguruwe, akasema hata hivyo wametulimia vizuri, msimu ujao tupande viazi.

Sasa sikiliza hili, ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Tulipokwisha kula, watu walimtaka mwindaji asimulie. Mimi nikamsukumia Macaire. Akasimama, nikadhani atasema asante na kukaa. Akasema, "Baba yangu alikuwa mwindaji." Nestor, miaka thelathini na miwili! Mimi sikujua. Akasimulia jinsi baba yake alivyokuwa akimbeba mabegani kwenda kutega kware, jinsi alivyokuwa akimfundisha kukaa kimya kwa kumpa jani la kushika, jani likitikisika amepoteza. Alisimulia jinsi alivyokuwa akicheka kwa pua. Akaiga kile kicheko, na yeye mwenyewe akacheka vilevile, na sisi wote tukacheka. Habari za siku ile ya mwisho hakuzigusa. Alisimulia siku nyingine zote.

Mélissa akamuuliza, "Baba, babu alikuwa anaitwa nani?"

Akasema, "Gelasius." Akalisema tena kwa sauti, kama anamwita mtu aliye ng'ambo ya shamba.

Ndipo Mélissa, mkono juu ya tumbo, akatuambia. Ana mimba ya miezi minne, yeye na mumewe walikuwa wanangoja siku nzuri. Macaire alikaa chini kwenye nyasi. Tukamletea maji. Alipokwisha kunywa alitaka jambo moja tu, nami nakuletea jinsi lilivyo: mtoto akiwa wa kiume, wewe mjomba wa Mélissa uje kumsimamia ubatizo, tuanze kutafuta viza sasa. Akiwa wa kike, uje vilevile.

Nisalimie Melania na mguu wake, wanao wote, Padre Modestus, na majirani wanaonikumbuka. Macaire na Mélissa wanakusalimu sana. Picha za dume nimeziweka humu. Ile ambayo Macaire anacheka, itundike ukutani.

Mungu akulinde unapolala na unapoamka, azidishe chakula chako na wageni wa kukila.

Ni mimi dada yako nikupendaye siku zote,

Marie-Rose