Chuma cha Zamani ni cha Fundi

Jumatatu, 6 Oktoba 1997

Kosa la watu wengi ni hili: gari likiwaharibikia wanakimbilia kulitengeneza. Kutengeneza kwanza, kuuliza baadaye. Na wakishatengeneza hawana tena cha kuulizia, kwa sababu ushahidi umebaki kwa fundi. Leo nusura nifanye kosa hilohilo, mimi niliyemwandikia wakili barua kwa miaka ishirini na miwili!

Rosette, binti yangu, alikuwa akishuka kutoka Kiriri saa tatu asubuhi. Ameshapeleka mboga kwenye majumba ya wakubwa, kamioneti yake, pikapu nyeupe, ni tupu. Kwenye kona ya pili usukani ukazunguka mikononi mwake kama kifuniko cha sufuria. Gurudumu hili huku, lile kule. Alivuta breki ya mkono, akaingia kwenye ua wa miti ya mtu. Mzima. Kidole kimeteguka, basi. Mungu ashukuriwe.

Mlinzi wa ile nyumba alitoka mbio. Hakuuliza kama ameumia. Aliuliza nani atapanda tena ule ua. Halafu akawaambia wapita njia, akionyesha usukani: ‘Munaona? Wanamuke na volant!’

Mchana gari lilikuwa Buyenzi, kwa fundi Idi. Nilipofika alikuwa amelala chini yake, miguu tu nje. Akatoka akaniambia ni rotule, kile kichwa cha chuma, mviringo kama gololi, kinachounganisha usukani na gurudumu. Shingo yake imekatika. Atatafuta nyingine.

Nikauliza: ile iliyokatika iko wapi?

Hata vijana wa karakana jirani waliacha kugonga. Hapa Buyenzi kuna desturi ambayo hakuna aliyeiandika: chuma cha zamani ni cha fundi. Kipande kilichokufa hukiulizi. Kukiuliza ni kumwambia fundi mbele ya watu kwamba humwamini.

‘Mzee,’ Idi akasema, ‘leo unaniona mi mwizi?’

‘Apana, Idi. Nakuona shahidi.’

Hakucheka. Akanyoosha mkono wenye grisi kuelekea kwa Seifu, mhunzi wa mtaa wa pili. Ameshampa.

Nilitembea upesi kuliko nilivyotembea mwaka huu wote. Seifu anafua visu na majembe. Rotule yangu ilikuwa pembeni mwa moto, juu ya makaa yasiyowaka, inangoja zamu yake. ‘Dakika tano zaidi, Mzee, ingekuwa kisu cha kuchinjia kuku!’ Akacheka mpaka akakohoa. Hakutaka malipo. Alitaka nimwandikie barua dada yake aliye Kigoma. Nimeandika palepale, kurasa mbili, salamu za ukoo mzima. Nimerudi na chuma kwenye leso.


Jumanne, 7 Oktoba

Nimekitazama kwa miwani na kwa mwanga wa dirisha. Ajali ya shimo hupinda chuma kwanza. Hiki hakikupinda. Shingo imekatika wima, na ndani, katikati, pana doa la zamani jeusi, kama jino lililooza. Ufa ulikuwemo tangu kiwandani. Pembeni pamepigwa herufi mbili na tarakimu nne.

Nimekwenda kumwomba Idi radhi, pamoja na sukari kidogo. Imepokelewa. Ndipo akasema, huku anajifuta mikono: hii ni ya tatu mwaka huu. Zote shingo. Zote kamioneti nyeupe za ile shehena iliyovuka ziwa kabla ya embargo, kabla majirani hawajatufungia mipaka.

‘Na hukusema?’

‘Nani aliniuliza, Mzee? Watu wanasema ni mashimo. Mi natengeneza.’

Ya tatu! Na zile mbili za kwanza sasa ni majembe. Zimeshalima!


Jumatano, 8 Oktoba

Nimekwenda Maison Vanderick, walioliuza gari. Méthode, mkuu wa karakana yao, shati jeupe, kalamu tatu mfukoni. Alinipa kiti. Kijana mwenye adabu, na adabu yake ndiyo silaha.

Alisema mambo matatu. Garanti ilikuwa mwaka mmoja, imeisha. Barabara za nchi yetu tunazijua. Na tena, Mzee wangu, bila kumkosea heshima, mama yule labda alifunga breki vibaya.

Nilimweleza taratibu, kama nilivyokuwa nikiwaeleza wateja wa Maître, yule wakili wangu, Mungu amrehemu. Garanti ziko mbili. Ya kwanza ni ya karatasi: muuzaji kaiandika mwenyewe, kaipa mwaka, na mwaka ukiisha imekufa. Ya pili ni ya sheria. Ukiuza kitu chenye kasoro iliyojificha, kasoro ambayo mnunuzi asingeweza kuiona, unajibu. Hiyo hukuiandika wewe, kwa hiyo huwezi kuifuta. Sharti lake moja tu: mnunuzi asilale. Akigundua, aseme upesi. Mimi nimegundua Jumanne, leo ni Jumatano.

Akaomba aione. Nikafungua leso. Alisoma zile herufi mbili na tarakimu nne, na uso wake ukabadilika. Kidogo tu, kama mtu aliyekanyaga msumari na hataki kusema. Akasema ataiweka kwa uchunguzi. Mkono wake ulikuwa umeshaishika!

Nikamshika kiganja. Mkono wa mzee wa miaka sabini na mmoja, lakini umeshika. Nikairudisha kwenye leso. Nikamwachia barua ya dai, akatia sahihi kwamba ameipokea. Bila sahihi ya kupokea, barua ni upepo.


Ijumaa, 10 Oktoba

Prudence amekuja nyumbani. Ni mpiga chapa wa Maison. Alijifanya amekuja kununua maharage kwa Rosette. Alinunua kweli, akasimama mlangoni na mfuko kifuani, haingii wala haondoki.

Nikamwambia: ingia, mwanangu, maharage hayaulizi maswali.

Akakaa. Akaanza kwa kunong'ona. Mwaka jana mwezi wa nane ilikuja faksi kutoka kiwandani. Rotule zote za herufi zile zina kasoro. Wenye magari waambiwe wasiyaendeshe, wayarudishe, wabadilishiwe bure. Yeye mwenyewe alipiga chapa barua kumi na moja, kila mwenye gari na jina lake. Patron, bosi wao, akasoma, akasema: vipande haviwezi kuingia, embargo, tukiwaambia watarudisha magari, na sisi tutawapa nini? Akazifungia kwenye kabati. Ziko mle mpaka leo.

Kumi na moja! Miezi kumi na minne! Na mmoja wao ni binti yangu.

Nilipandwa na hasira nikaenda kusimama uani. Upande wa milima palikuwa na milio, ile tuliyoizoea. Nikafikiri: tumezoea kufa kwa risasi mpaka tunadhani mauti mengine yote ni ajali. Si kweli! Mauti mengine yana barua kabatini.

Nilimwuliza kama anaweza kunitolea nakala. Akatikisa kichwa. Ana watoto, ana kazi moja. Sikumshurutisha. Lakini nilimwuliza kama anakumbuka majina. Mtu anayepiga chapa hukumbuka kwa vidole. Alifumba macho, vidole vikacheza juu ya mfuko wa maharage. Majina saba yakatoka, na mitaa yao. Mengine manne yamepotea.


Jumatatu, 13 Oktoba

Sikukuu ya Rwagasore, shujaa wa uhuru wetu. Ofisi zimefungwa. Tumegombana, mimi na Rosette.

Yeye anataka gari barabarani. Mboga zinaoza, wateja wa Kiriri wamepata mtu mwingine. Mimi nilitaka libaki kama lilivyo mpaka mtaalamu wa mahakama alione. Akaniambia: ‘Papa, haki yako ni nzuri, lakini haijui njia ya soko.’

Nilikasirika, kwa sababu ana haki.

Kwa hiyo tumefanya hivi. Nimeandika maelezo: gari gani, namba gani, kipande gani kimetolewa, kimekatika vipi, nani amekiona. Idi ametia sahihi kwa herufi za Kiarabu, nzuri kuliko zangu, halafu akawaita mafundi wote wa mtaa waje waitazame sahihi yake. Seifu ametia dole gumba, na sasa karatasi ina masizi. Ndipo Idi akafunga rotule nyingine, imara, ya lori kuukuu, aliyoichonga mwenyewe siku mbili. Kipande cha zamani kimebaki kwangu. Idi amewatangazia jirani zake: tangu leo, shingo za kamioneti nyeupe haziendi kwa mhunzi, zinakwenda kwa Mzee Mugisho! Desturi ya miaka hamsini, imepinda kidogo.


Jumatano, 15 Oktoba

Méthode amekuja kwetu, kwa miguu, bila kalamu. Ameleta kisanduku. Ndani yake rotule mpya kabisa, ya kiwandani, bado ina mafuta yake na karatasi yake.

Nikamwuliza: hii imepitaje kwenye embargo? Akaangalia chini. Imepita tu.

Pamoja na kisanduku, karatasi ya kutia sahihi. Mistari mitano. Tunapokea kipande kipya, tunarudisha kile cha zamani, hatuna dai lingine, na hatutazungumza jambo hili na mtu yeyote.

Nikasema patron wake atajitetea kwa force majeure, yaani nguvu iliyomzidi binadamu: vita, mafuriko, embargo. Vizuri. Nguvu hiyo inamsamehe aliyeshindwa kuleta mzigo. Haimsamehe aliyeshindwa kufungua mdomo! Barua haihitaji bandari. Kutoka Maison mpaka Buyenzi ni mwendo wa dakika ishirini kwa miguu.

Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu hakunijibu mimi, alimgeukia Rosette. Mama, gari ni lako. Sahihi ni yako.

Kweli, ni lake. Alikichukua kisanduku, akakipima uzito mkononi. Gari lake limefungwa kipande cha kuchonga. Hiki ni kipya. Nilijua anachofikiri. Sikusema neno, na ilikuwa kazi ngumu kuliko kusema.

‘Na bale wengine kumi?’ akauliza.

Méthode akasema kila mtu na shida yake.

‘Basi peleka hii kwa mutu wa kwanza kwenye ile liste yenu. Mi ya Idi inanitosha.’ Akakirudisha kisanduku mapajani mwa kijana kama unavyomrudishia mtu mtoto aliyejikojolea. ‘Na usisahau kumuambia juu ya nini unamupa!’

Mlangoni Méthode alisimama. Akasema polepole, kwa sauti nyingine kabisa, kwamba baba yake mdogo naye ana kamioneti nyeupe. Amemwambia tangu siku ile alipoona leso yangu. Wengine hawezi, atafukuzwa. Akaenda zake na kisanduku kwapani.


Alhamisi, 16 Oktoba

Nimeandika siku nzima. Bila Rosette, majina ya Prudence yanabaki sita: barua sita, za mkono. Sentensi chache, maana barua ndefu husomwa kesho. Usiendeshe. Fungua gurudumu la mbele, tazama herufi. Ukizikuta, mwite fundi, na kipande ukiweke wewe. Mkono unauma. Nakala moja mahakamani, pamoja na maelezo ya Idi. Karani aliyepokea alisema kesi ziko nyingi. Nikamwambia nina subira nyingi, naomba muhuri tu.


Ijumaa, 17 Oktoba

Rosette amezipeleka zote pamoja na mboga. Majibu:

Wanne wameegesha magari. Mmoja wao alifungua gurudumu mbele ya Rosette, na shingo ilikuwa na ufa unaoingia ukucha! Amemletea Idi akitembea, kipande mkononi, kama anayebeba yai.

Mmoja amechana barua. Anasema ni hila za washindani. Nitamwandikia tena.

Wa sita ni Herménégilde, wa Kibenga. Alisoma akiwa amesimama, akacheka vizuri, akamshukuru Rosette. Gari lake halijamsumbua hata siku moja, anasema. Wiki ijayo ataliangalia, bila shaka, mwambie Mzee asante. Kesho hana nafasi: anamwoza binti yake, Lisette, na yeye mwenyewe ndiye atakayebeba kwaya nyuma ya kamioneti. Watu kumi na wanne. Harusi iko Kiriri.

Rosette alimwambia habari ya kona ya pili. Akamjibu kwa upole kwamba yeye ameendesha miaka thelathini.

Nimemwuliza Rosette kama alimwonyesha kile chuma. Apana. Kilikuwa kwangu, ndani ya kabati, nimekifungia kwa ufunguo kwa ajili ya mahakama.

Ndani ya kabati! Nimekaa na neno hilo tangu jioni.


Jumamosi, 18 Oktoba

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Amri ya kutotoka nje inaisha saa kumi na mbili. Simu ya jirani haiiti, hatuwezi kumpigia Herménégilde. Rosette anapasha injini moto uani, Idi ameshafika kwa vichochoro, na spana zake ndani ya gunia, hakuna aliyemwita. Kizuizi cha njia ya Kibenga hufunguliwa wanajeshi wakitaka. Kwaya inapanda garini saa mbili.

Maître angesema: kielelezo hakitoki nje ya mafaili. Kikipotea, kesi imepotea. Nimelifikiria hilo nikinywa chai. Maelezo ya Idi yapo, sahihi zipo, masizi ya Seifu yapo. Na kama haitoshi, basi haitoshi! Mtu aliyeendesha miaka thelathini hasomi barua. Lakini chuma atakisoma.

Leso iko mfukoni. Lango linafunguliwa.

Mugisho, leo fanya moja tu: kabla Herménégilde hajawasha gari, mwekee chuma hiki mkononi, na umwombe ufunguo.